Mkono Aliouficha Armida

Mimi ni Nedda, na kwa miaka ishirini na tisa nimekaa kwenye kibanda cha mlangoni cha Nyumba ya Neri, hapa Castelrovo, nikipokea makoti na mabegi ya watu. Ukija na kalamu ya wino nakunyang'anya. Uwe profesa, uwe padri, shauri yako. Chumba cha juu ni penseli tu, na penseli nakupa mimi na unanirudishia mimi. Watu wanasema nina mdomo. Ninao, tena mrefu, na nisingekuwa nao wino ungeshamwagika zamani juu ya michoro ya miaka mia tano, halafu tungemlilia nani?

Lakini hadithi hii si yangu. Ni ya Armida Cerboni, mhudumu wa chumba cha juu, mwanamke mfupi, mpole, mjane wa Quinto aliyekuwa dereva wa lori la mvinyo. Wageni walikuwa wakimpita bila kumwona. Msomaji akifika, Armida alinawa mikono mpaka viwiko, akajifuta, akafungua kabati kwa ufunguo aliojifunga kiunoni, akaleta kasha la Neri na kuliweka mezani. Kisha akamtolea karatasi mojamoja, akiishika kwa pembe mbili, akasubiri, akaipokea, akatoa nyingine. Alifanya hivyo miaka thelathini na nne. Wakurugenzi wanne wamekuja na kuondoka, na wote walisema neno lilelile, kwamba Armida ana mikono ya dhahabu.

Neri mwenyewe ni mtoto wa hapa. Neri di Baldo, mwana wa mshona matandiko ya nyumbu, mchoraji wa kuta za makanisa. Kuta zake karibu zote zimeliwa na unyevu na matetemeko. Kilichobaki ni kasha moja lenye karatasi sitini na tatu: michoro arobaini na moja, na kurasa ishirini na mbili alizojiandikia mambo yake. Mvua iliyomharibia chokaa, masikio ya askofu yaliyomshinda, jino lililomnyima usingizi, paka aliyezalia kwenye kikapu cha rangi. Mwandiko wake unawatoa maprofesa jasho. Armida aliacha shule darasa la tatu akachunge mabata, lakini mwandiko ule aliusoma kama barua ya kaka yake. Hakufundishwa na mtu. Neno moja mwezi huu, jingine mwezi ujao, miaka ikaenda.

"Neri anaumwa jino wiki hii," ananiambia mchana mmoja, tunakula mkate wa kuchoma kibandani kwangu.

"Wiki hii? Si alikufa kabla ya babu wa babu yangu?"

"Kwangu ni wiki hii. Nenda kamtazame malaika wa karatasi ya kumi na tisa. Shavu limevimba. Alijitazama kwenye kioo akamchora malaika."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilipanda kwenda kumtazama malaika. Shavu lilikuwa limevimba kweli.

Basi mwaka themanini na nane, mwezi wa Novemba, mafuta mapya ya zeituni ndiyo kwanza yanatoka kinuni, akaja Daktari Lavinia kutoka jiji la Firenze. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Mwanamke wa miaka kama arobaini, mwembamba, ana kioo chake cha kukuzia kwenye mfuko wa ngozi. Alinikabidhi kalamu yake kabla sijamwomba. Nikampenda papo hapo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu alikuja kutubomolea nyumba.

Hakuja kwa ubaya. Aliletwa na kamati ya Firenze inayosimamia wosia wa kasha. Bwana tajiri mmoja, aliyetuachia kasha zamani hizo, aliandika humo kwamba karatasi za Neri zisitoke Castelrovo kamwe. Ila kitakachothibitika si cha Neri, alisema, kiende kwenye makumbusho makubwa ya Firenze, kikatunzwe pamoja na vingine. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza. Sasa waliuliza. Daktari Lavinia alipewa wiki tatu azichunguze karatasi zote na kusema ipi ya nani, na Alhamisi ya mwisho wa mwezi kamati ingekuja kutia saini.

Siku ya Jumatatu ya wiki ile nilimsikia akimweleza Mkurugenzi wetu, Bwana Benucci, hapo kwenye ngazi karibu na kibanda changu. Armida alikuwa nyuma yao na taulo lake.

"Aliyeandika kurasa zile aliandika kwa mkono wa kulia," Daktari alisema. "Hilo halina ubishi. Wino, mwelekeo wa herufi, kila kitu. Lakini tazama kivuli kwenye michoro. Mistari inashuka kutoka kushoto juu kuja kulia chini. Hivyo huchora mtu wa mashoto. Kwa hiyo ni watu wawili. Na pembeni mwa michoro kuna mwandiko mwingine, mbovu, wa kuparuzaparuza. Maneno yake ni kama, ongeza mbwa. Pua ndefu mno. Huyo ni wa tatu, nadhani mtoto wa karakana aliyekuwa akijifunza."

"Kwa hiyo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kwa hiyo kurasa za maandishi ni za Neri, zitabaki. Michoro simjui aliyeichora. Samahani sana, Bwana Benucci."

Michoro arobaini na moja! Tungebakiwa na kurasa za kuumwa jino. Nani atapanda mlima kuja Castelrovo kusoma jino la mtu? Nilimgeukia Armida nimwone. Alikuwa mweupe kama lile taulo. Akapanda ngazi taratibu, na saa saba aliposhuka kwenda kula nyumbani alipita bila hata kuniaga. Nilipopanda kufunga madirisha nikaukuta ufunguo wake unaning'inia kwenye kabati. Mungu wangu! Armida kusahau ufunguo ni kama padri kusahau misa. Nikauchomoa, nikamfuata.

Mlango wake ulikuwa wazi. Nilimkuta jikoni amesimama, anakata mkate na machozi yanamtoka. Na kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Kilikuwa kinakwenda shwaa, shwaa, slesi nyembamba sawasawa. Nimekula meza ile mara mia na zaidi, na sasa ndipo nikagundua kwamba kila nilipofika nilikuta mkate umeshakatwa. Aliponiona akakihamisha kisu upesi upesi kwenda kulia.

"Kirudishe," nikamwambia. "Nimeshaona, shoga. Kata mkate wako."

Akakaa kitini. Nikauweka ufunguo mezani. Akautazama, akautia mfukoni, kisha akainuka, akaenda chumbani na kurudi anakokota sanduku la nguo la marehemu Quinto, lile la kadibodi ngumu lililofungwa kwa kamba. Akalifungua. Ndani hamna nguo. Mlikuwa na michoro. Malaika, nyumbu, masikio ya askofu, mikono, magoti, mikunjo ya nguo, mamia kwa mamia, kwenye ile karatasi nene ya manjano ambayo Duilio mchinjaji anafungia nyama.

"Ni Neri," akasema. "Kazini naangalia kipande kidogo tu. Kiwiko, tuseme. Jumapili naketi hapa nakirudia kwa kumbukumbu mpaka kikae. Kiwiko kimoja kilinichukua mwezi. Quinto ndiye aliyekuwa akiniletea karatasi. Alikuwa anajua."

"Na unatumia..."

"Huu." Akauinua ule wa kushoto. "Kwa wa kulia haitoki, Nedda. Nilijaribu miaka miwili ya mwanzo. Mistari ya kivuli inakwenda kinyume, mkono unagoma. Nilipohamia kwa huu, ikaja yenyewe. Siku ile nilimjua. Neri ni wa mashoto kama mimi, na akaandikishwa na mkono wa kulia kama mimi. Si watu wawili. Ni mtu mmoja aliyefanywa nilivyofanywa mimi."

"Basi sema! Alhamisi wanakuja. Panda useme hivyohivyo!"

"Sithubutu." Akafunika uso. "Unakumbuka yule Mkurugenzi wa kwanza, Mzee Cavaliere? Siku ananiajiri aliniuliza mbele ya watu, binti, wewe si wa mashoto? Maana sitaki mashoto, wanaangusha vitu. Nikaapa. Nikamwapia kwa Bikira Maria. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka thelathini na nne. Leo niende mbele ya wanaume watatu wa Firenze niseme nilidanganya? Wataniuliza umejuaje, na nitawaonyesha nini? Mkono wa shetani?"

Hayo ya mkono wa shetani ni maneno ya Sista Veridiana wa darasa la kwanza. Mwaka mzima alimfunga Armida mkono wa kushoto kwa kamba ya aproni kwenye mgongo wa kiti, asubuhi mpaka adhuhuri, ajifunze kuandika na wa kulia. Mtoto wa miaka sita. Alikuwa anaomba kwenda chooni na kiti kinamfuata. Hakuna aliyenisimulia. Nilikuwepo, benchi la mbele yake.

Na hapo ndipo roho iliponisuta, nikasema nilichokibeba tangu utotoni. Nilisema haraka, kabla sijageuza nia.

"Armida, ni mimi niliyekusema. Kwa Sista. Ulikuwa umeuficha mkono vizuri, asingekuona. Nilinyoosha kidole nikasema, Sista, Armida anaandika na mkono mbaya. Akanipa kadi ya Mtakatifu Lucia, yenye ukingo wa dhahabu."

Nilitegemea anifukuze. Alinitazama tu, machozi bado yako kwenye kidevu.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Kadi za watakatifu walipewa wenye hesabu na wenye mwandiko. Wewe hesabu? Wewe mwandiko? Thubutu! Nikajua kadi ile imenunuliwa, na aliyeuzwa ni mimi."

"Miaka hamsini na moja na hukuniambia!"

"Ningekuambia nini, Nedda? Ulikuwa na miaka sita. Nilikukasirikia mpaka Pasaka, kisha nikachoka."

Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Nililia kwa kufarijika. Mzigo nimeubeba nusu karne, kumbe mwenyewe alishautua kabla ya Pasaka! Armida akanipa kipande cha mkate alichokata, kimelowa mafuta mapya, akaniambia nile niache kelele. Tukala. Baada ya muda akafunga sanduku, akavuta kamba kwa mkono wake wa kushoto na meno.

"Alhamisi utalibeba wewe," akasema. "Ni zito."

Alhamisi walikuja watatu, makoti meusi, viatu vinang'aa. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mnene mwenye kikohozi. Niliwapokea kalamu zao zote tatu, wakanuna. Walipokwisha kupanda, nikaegemeza ufagio mlangoni uwe mlinzi, nikabeba sanduku la Quinto juu ya ngazi zile arobaini na mbili. Mgongo wangu bado unanikumbusha.

Michoro yote ilikuwa imepangwa kwenye meza ndefu. Daktari Lavinia ameshika taarifa yake. Armida amesimama ukutani, mikono imeshikana mbele.

"Nedda," Mkurugenzi akasema, "rudi mlangoni."

"Sirudi. Armida ana neno."

Watu wote wakamgeukia. Nilidhani ataanguka. Akatembea mpaka mezani, akafungua kamba, akafunua sanduku. Malaika wa shavu lililovimba ndiye aliyekuwa juu.

Mimi, mjinga mimi, sikuwa nimefikiria lililofuata hata kidogo. Mkurugenzi alimtazama malaika wa sandukuni, akamtazama malaika wa mezani, mstari kwa mstari, na rangi ikamtoka. Miaka thelathini na nne mwanamke huyu ameshika ufunguo.

"Armida," akanong'ona, "niambie hizi za mezani ndizo zenyewe. Nakuomba."

Mwenyekiti akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Armida akarudi nyuma mpaka ukutani. Nimemleta mwenzangu jela kwa mikono yangu miwili! Mara ya pili!

Ndipo Daktari Lavinia akachukua malaika wa sandukuni, akaenda naye dirishani, akamwinua kwenye mwanga, akamgeuza. Kisha akamleta puani.

"Hii inanuka soseji," akasema.

"Karatasi ya Duilio mchinjaji!" nikapiga kelele. "Yuko hapo chini, nikuitieni? Neri alinunua soseji kwa Duilio?"

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu, akajishikiza mezani. Mmoja wa wale makoti meusi akaanza kucheka, akaona Mwenyekiti hacheki, akaacha. Daktari alikuwa bado anautazama mchoro. Alitoa kioo chake, akainama, akaufuata mstari mmoja wa kivuli kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umechora kwa mkono gani, Bi Armida?" akauliza. Aliuliza kwa upole.

Nadhani ule upole ndio uliomfungua. Armida akauinua mkono wa kushoto mbele ya watu sita, akauacha juu.

"Huu. Mimi ni wa mashoto. Nilimwapia Mzee Cavaliere kwamba si wa mashoto, nilidanganya, nitabeba adhabu yake. Lakini Daktari, unasema aliyechora ni wa mashoto. Ni kweli. Unasema aliyeandika aliandika na wa kulia. Ni kweli pia. Halafu unasema hao ni watu wawili. Si kweli. Mimi hapa ni mmoja."

"Na mwandiko mbovu wa pembeni?" Daktari alikuwa ameshaanza kupumua haraka.

"Nipe penseli."

Nikampa, nani mwingine angempa? Armida akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye chumba kile, akaanza kuchora sikio la askofu kwa mkono wa kushoto. Tulikuwa tunaona sikio linajitokeza na hakuna aliyekohoa, hata Mwenyekiti.

"Sasa usihamishe penseli," akajiambia kwa sauti. "Wazo limekuja. Ukihamisha litapotea." Na papo hapo pembeni, kwa mkono uleule, akaandika: ongeza mbwa.

Herufi zilitoka zimepinda nyuma, zimeparuzika, na ubavu wa kiganja ukazipakaza zote. Ukiona utasema ni mtoto. Daktari Lavinia akavuta karatasi ya thelathini na saba, ile yenye mbwa, akailaza kando. Kupinda kulekule, kupakaza kulekule.

"Hilo peke yake halitoshi," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Mashoto wote hupakaza." Akavuta ukurasa wa jino, ule wenye mwandiko mzuri wa mkono wa kulia, akauweka katikati. Kioo kikawa kinakwenda huku na huku. Herufi moja hapa, herufi ileile pale. Mkia uliokunjwa kwa ndani. Neno lililokatwa nusu na kuwekewa mstari juu, hapa na pale, kwa namna moja. Halafu akaketi.

"Kumbe ni ileile," akasema. "Herufi ni zilezile, zimevunjika tu. Sikuwahi kuzilinganisha. Nilishaamua ni mtoto, nikampita." Akavua miwani, akajikanda macho. "Nimemkata mtu mmoja vipande vitatu. Na kipande kimoja nilikuwa naondoka nacho leo."

"Daktari," Mwenyekiti akaingilia, "kamati haiwezi kuamua kwa karatasi za mchinjaji."

"Haiwezi. Ila taarifa ni yangu, na naiondoa. Naomba wiki tatu nyingine niandike nilichokiona leo. Mchoraji ni Neri. Michoro haitoki." Akachukua penseli ya Armida na kuipitisha kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa yake, mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini.

Loo, jamani! Mnajua mtu anapovua viatu vilivyombana siku nzima? Chumba kizima kilivua viatu. Mkurugenzi alikuwa anashika mikono ya kila mtu, hata yangu. Armida akamwendea ameinamisha kichwa.

"Bwana Benucci, kuhusu kiapo..."

"Kiapo gani? Mzee Cavaliere? Huyo ndiye aliyevunja taa mbili na kumwagia kahawa daftari la wageni, na alikuwa wa kulia. Kanawe mikono, Armida, karatasi zirudi kashani."

Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuwa hajaridhika. Alikuwa analitazama lile sikio la askofu.

"Lakini nieleze jambo moja, mama," akasema. "Kama huyu Neri alikuwa na mkono wa kushoto mzuri kiasi hiki, kwa nini aandike kwa wa kulia?"

"Alifungwa," Armida akasema.

Wakaandika maelezo ya mkutano, wakamwambia Armida atie saini kama shahidi. Nilisubiri nione. Akashika penseli kwa mkono wa kulia, akaandika jina lake taratibu, herufi nzurinzuri za Sista Veridiana. "Huu ndio uliopelekwa shule," akaniambia aliponiona namkodolea macho. "Uache nao ule matunda yake."

Nilishuka mbio kwenye kibanda changu. Ufagio ulikuwa umelala chini, hakuna aliyeibiwa. Ilikuwa imeshatimia saa saba. Wale makoti meusi walichukua kalamu zao wakaenda kula. Daktari Lavinia alishuka wa mwisho. Nilimpa koti, nikampa kalamu, lakini hakuondoka. Alisimama anaitazama simu yangu ya mezani.

"Bi Nedda, naweza kupiga Firenze? Sitachukua muda."

"Piga, mwanangu. Piga hata Roma."

Nikajifanya nahesabu penseli. Kibanda ni kidogo, ningejificha wapi?

"Mama, ni mimi. Lavinia. Ndiyo, yamekwisha, nitakueleza. Mmeshakaa mezani? Costanza anakula?" Akasikiliza. Nilisikia sauti ya kike ya upande wa pili, ya mama mkwe, hiyo huwezi kukosea. "Na kijiko? Kiko mkono gani? Unamhamishia tena?" Akafumba macho. "Hapana, mama. Najua. Najua nilinyamaza siku zote, ni kosa langu, si lako. Usimhamishie tena. Hapana, hata wageni wakija. Hata kanisani. Mama, nakuheshimu, lakini hili hapana. Nipe mtoto."

Akasubiri. Penseli zangu nilizihesabu mara tatu, kila mara nikapata idadi tofauti.

"Costanza? Ni mama yako. Unakula nini? Supu ya maharage? Ni tamu? Kijiko umekishika?" Akaishika simu kwa mikono miwili. "Sasa sikiliza. Kirudishe kwenye ule mkono unaoupenda wewe. Ndiyo, huo. Hapana, bibi hatakukemea, nimeshamwambia. Kula, mama. Kula na huohuo."